Sura ya 7: Ngazi au Gari la Kikapu?

Mwenye duka wa Umoja, Nairobi, huliuliza swali hili akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Mpangaji wa Sinza, Dar es Salaam, huliuliza akichungulia dirishani: hawa vijana wanaopanda nguzo za umeme kwa ngazi, kampuni yao imekosa hata gari moja la kuwainua? Mkandarasi mdogo aliyepata kazi yake ya kwanza ya kuvuta kilomita chache za faiba naye analo lake: ninunue mashine ya urefu gani?

Maswali yote mawili yanatazama juu, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Urefu wa nguzo ndilo jambo jepesi kuliko yote katika uchaguzi huu. Mambo mazito yako chini: ardhi itakayokanyagwa na mashine, shina la nguzo, upana wa njia. Kisha kuna umeme, ambao haujali nani kakodi nini.

Kinachofanyika huko juu

Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Nyuzi kadhaa zikifungwa pamoja ndani ya ganda la plastiki, kitu hicho huitwa kebo. Pwani ya Afrika Mashariki ilipata kebo kubwa za chini ya bahari mwaka 2009, pale SEACOM ilipotua Mombasa na Dar es Salaam na TEAMS ilipofika Mombasa kutoka Fujairah. EASSy ikafuata mwaka 2010. Njia kuu kati ya miji mingi zilifukiwa ardhini. Mitaani hesabu ilibadilika, maana kuchimba kunataka vibali, kuvunja lami na kuirudishia, na nguzo za umeme tayari zimesimama hadi mlangoni pa mteja. Kenya Power hukodisha nafasi kwenye nguzo zake kwa kampuni za intaneti, ndiyo sababu mtu akiinua macho katika mitaa mingi ya Nairobi huona nyaya nyeusi zimepita chini ya zile za stima.

Kuzipitisha nyaya hizo kuna utaratibu wake. Drumu la kebo, ambalo aghalabu hubeba kilomita 2 hadi 4, huwekwa mwanzo wa njia juu ya stendi ili lizunguke lenyewe. Kwenye kila nguzo hutundikwa kapi, gurudumu la kupitishia kamba kama lile la kupandishia tanga la jahazi. Kamba hupitishwa kwenye makapi yote, kebo hufungwa kwenye ncha yake, watu wakavuta. Kebo ikifika mwisho hukazwa mpaka mlegeo ukae sawa, yaani ule upinde unaoshuka katikati ya nguzo mbili. Hapo fundi hurudi nguzo baada ya nguzo, akaifunga kebo kwenye kibanio cha kudumu na kulitoa kapi.

Kwa hiyo kila nguzo hupandwa mara mbili, na hapo hakuna lililoharibika. Nguzo zikiachana mita 50, kilomita moja ina nguzo 21, ambazo ni safari 42 za kwenda juu na kurudi. Anayepanda mara moja kuunganisha nyumba ya mteja na anayepanda mara 42 kabla ya magharibi hawafai kupewa kifaa kimoja.

Hesabu ya urefu

Kanuni inayotumika sana ni kufukia ardhini karibu sehemu moja ya sita ya nguzo. Nguzo ya mita 10 basi huzama kiasi cha mita 1.7 na kubakiza mita 8.3 juu ya ardhi. Nyaya za umeme hukaa kileleni. Faiba hukaa chini yake kwa nafasi inayotosha fundi wa intaneti kufanya kazi bila kuukaribia umeme. Nchini Marekani nafasi hiyo ni inchi 40, kama mita moja. Ukitoa na sehemu inayochukuliwa na nyaya za umeme zenyewe, mikono ya fundi huishia kwenye mita 6 hivi, au 7.

Nguzo ya mita 12 haibadilishi mambo sana kama inavyodhaniwa. Kile kimo cha ziada mara nyingi ni cha kuuweka mbali umeme wa volti 11,000, na faiba hubaki chini kule kule.

Sasa vitabu vya mashine. Vingi hutangaza urefu wa aina mbili, na wauzaji hupenda ule mkubwa. Kuna urefu wa jukwaa, yaani mahali nyayo za fundi zinapokanyaga, na kuna urefu wa kazi, yaani mahali mikono yake inapofika. Tofauti kati ya vipimo viwili hivi huhesabiwa kuwa kama mita 2. Mikono ikitakiwa kwenye mita 7, jukwaa la mita 5 linatosha. Anayekodi mashine ya jukwaa la mita 14 kwa kazi ya mtaani analipia mita tisa ambazo hatazigusa.

Isipokuwa kwa sababu moja. Mashine husimama barabarani, nguzo iko ng'ambo ya mtaro, na kati yao pengine pana ukuta mfupi na meza ya muuza mboga. Kinachokwisha kwanza hapo ni mfiko wa pembeni, yaani umbali ambao mkono wa mashine unaweza kunyooka kando bila mashine kuinuka upande mmoja. Kila mashine ina mchoro wa mfiko wake, na mchoro huo ndio wa kuomba kabla ya bei. Mashine fupi yenye mfiko mzuri wa pembeni huishinda ndefu isiyoweza kuvuka mtaro.

Kwa ufupi: pima kimo cha kibanio, toa mita 2, upate urefu wa jukwaa. Kisha pima umbali kutoka mahali gari linapoweza kusimama hadi kwenye nguzo. Kipimo hiki cha pili ndicho kitakachokuchagulia mashine.

Kilo zisizoonekana

Kebo ya faiba ya mtaani ni nyepesi. Ile yenye uzito wa kilo 100 kwa kilomita, ambayo ni ya kawaida, ina kilo 5 tu kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 50. Mtoto wa shule anaweza kuzibeba. Hapo ndipo watu hudanganyika wakadhani fundi aliye juu ya ngazi anaweza kuishika kebo kwa mkono mmoja na kuikaza kwa wa pili.

Anachopambana nacho fundi ni mvuto. Chukua uzito wa mita moja ya kebo, kilo 0.1. Uzidishe kwa 50, kisha tena kwa 50, upate 250. Gawanya kwa mara nane ya mlegeo. Mlegeo ukiwa nusu mita, jibu ni kilo 62 na nusu za kuvuta kila mwisho wa kipande. Bwana mkubwa akitaka kebo inyooke ipendeze, mlegeo ukapunguzwa hadi sentimita 25, mvuto unapanda hadi kilo 125. Kebo ni ile ile ya kilo 5.

Kwenye nguzo za katikati ya njia iliyonyooka, mvuto wa kushoto na wa kulia hukatana, na fundi haumsumbui. Kwenye nguzo ya mwisho na ya kona haukatani. Ngazi imeundwa kubeba uzito unaoshuka chini. Haikuundwa kuvutwa ubavuni kwa kilo 60 pale kamba inapochomoka ghafla. Kikapu cha mashine nacho si kreni. Ni kosa kuifunga kebo kwenye kikapu na kuusogeza mkono ili kuikaza, kwa kuwa mashine ya kuinua watu hupimwa kwa uzito wa watu na zana zao, na hesabu ya mvuto wa pembeni unaoletwa na kebo haimo.

Kukaza ni kazi ya ardhini. Winchi ya mkono hufungwa kwenye shina la nguzo, kamba ikapitia kapi lililo juu, na kati yake kukawa na mizani ya kupima mvuto. Fundi wa juu hubaki na kazi ya kufunga kibanio tu. Kikosi kinachokaza kutoka chini kinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi kwa ngazi bila hatari kubwa. Kinachokaza kutoka juu hakisalimiki hata kikipewa gari la bei ghali.

Mizani hiyo inailinda kebo pia. Kebo nyingi za faiba za nje huwa na kikomo cha mvuto cha karibu kilo 275 wakati wa kuvutwa, na zile nyembamba za kuingia nyumbani huwa na kikomo cha chini zaidi. Pikapu ya kuvutia haijui kikomo hicho. Kuna na kanuni ya mkunjo: ikiwa inavutwa, kebo isikunjwe kwa nusu kipenyo kilicho chini ya mara 20 ya unene wake. Kebo ya milimita 10 inataka mzingo wenye nusu kipenyo cha sentimita 20. Kile kikapi kidogo cha kisimani hakifai kwenye nguzo ya kona. Kioo cha ndani hupata nyufa zisizoonekana, intaneti ikaja kusumbua miezi baadaye, na lawama akabebeshwa fundi wa zamu.

Ngazi, rafiki asiyeaminika

Ngazi hudharauliwa na wanaokaa ofisini na huaminiwa kupita kiasi na wanaoipanda. Zipo sehemu ambako hakuna mbadala wake. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, au Mji Mkongwe, Zanzibar, hakuna gari la kikapu litakalopita, na mara nyingi kebo hushikiliwa na ukuta kwa kukosa nguzo. Ndivyo ilivyo pia nyuma ya nyumba za kupanga ambako njia ni upana wa bodaboda.

Cha kwanza kuangalia ni ngazi imetengenezwa kwa nini. Ya alumini ni nyepesi, inapendwa, na karibu na nguzo ya umeme ni marufuku kwa mtu mwenye akili timamu kwa sababu inapitisha umeme. Ya mbao au mwanzi hujiona salama mpaka inyeshewe. Ya faibaglasi ndiyo ya kazi hii. Ni nzito na ghali zaidi, lakini ikiwa safi na kavu haipitishi umeme. Ikipakwa matope na kulowa, sifa hiyo hupungua.

Cha pili ni mwinamo. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka kwenye nguzo. Ngazi ya mita 7 ikiegemezwa hivyo hugusa nguzo kwenye mita 6.8 hivi. Vidato vitatu vya juu si vya kukanyagwa, kwa hiyo ngazi inayofika pale pale kwenye kibanio ni fupi kwa kazi hiyo. Viwango vya Ulaya huitaka ngazi ibebe kilo 150 kwa jumla. Fundi wa kilo 85 mwenye mkanda wa zana bado ana nafasi, mradi asiwe na mwenzake nyuma.

Cha tatu ni nguzo yenyewe, na hapa ngazi hupoteza heshima yake, maana nguzo ni duara na kidato cha juu ni mstari ulionyooka. Bila mkanda wa kuifunga juu, au kile kipande chenye umbo la pembe kinachoikumbatia nguzo, ngazi huteleza pembeni. Mtu mmoja huishika chini hadi mwenzake aifunge juu. Watu wawili kwa ngazi moja ni gharama, na ndiyo gharama ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Ipo pia tabia ya kuegemeza ngazi kwenye kebo, katikati ya nguzo mbili, mahali panapohitaji kurekebishwa. Huko Marekani mafundi wengine hufanya hivyo kwa ngazi yenye ndoano, kwa sababu kebo zao nyingi zimefungwa kwenye waya mnene wa chuma uliovutwa kwanza. Kebo ya kujishikilia yenyewe, ile ya plastiki tupu isiyo na chuma ndani, haikuundwa kubeba mtu. Kuiegemea ni kuivunja, na pengine kuvunjika nayo.

Na kazi ya kuunganisha nyuzi haina haja ya kufanywa juu. Kikosi chenye mpango huacha mita kadhaa za ziada zikiwa zimeviringishwa karibu na nguzo. Sanduku la maungio hushushwa, nyuzi zikaunganishwa mezani chini ya mwavuli, kisha likarudishwa. Mita ishirini za kebo ya akiba huokoa saa nyingi za kukodi mashine, na fundi anayeunganisha kioo chembamba kama unywele hafanyi hivyo akiwa anayumbayumba.

Nguzo iliyooza

Nguzo nyingi za Kenya na Tanzania ni mikaratusi iliyotiwa dawa. Zinapooza huanzia mahali mti unapokutana na ardhi, kwa sababu hapo pana unyevu na hewa kwa pamoja. Juu inaweza kuonekana ngumu kama jana. Kabla ya kuegemeza chochote, fundi huigonga kwa nyundo kuizunguka, kuanzia chini hadi kimo cha kichwa. Nguzo nzima hurudisha mlio mkali na nyundo hudunda. Iliyooza ndani hutoa mlio mzito, wa kufa. Kisha hufukuliwa kidogo shinani na kuchomwa kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, mtu haipandi nguzo hiyo, si kwa ngazi, si kwa vyuma vya miguuni.

Vyuma hivyo, vyenye meno ya kung'ata mti, vina mashabiki wake. Fundi hodari hufika juu navyo kabla mwenzake hajamaliza kufungua ngazi, na havihitaji nafasi ya kusimama. Ila hutoboa nguzo, vinataka mazoezi ya kweli, na kwenye nguzo za zege zinazozidi kusimamishwa pande zote mbili za mpaka havina la kufanya. Kwa mkandarasi anayeanza leo, si njia ya kuwekea fedha.

Nguzo mbovu ndiyo sababu halali kuliko zote ya kuleta mashine, hata ikiwa fupi. Kikapu hakiigusi nguzo. Ikianguka, iangukie penginepo.

Mashine na tabia zake

Mkono wa kumwinua mtu angani kwa kikapu una asili ya shambani. Mmarekani Jay Eitel, wa California, aliubuni mwaka 1944 baada ya kuchoshwa na kupanda na kushuka ngazi akichuma cheri. Kampuni za simu ziliona faida yake upesi, kwani shida yao ilikuwa ile ile: kupanda, kufanya kazi ya dakika tatu, kushuka, kusogea, kupanda.

Zinazopatikana kukodi katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki ni za namna hizi:

- Gari la kikapu: mkono umefungwa juu ya lori dogo. Hufika, huinua, husogea. Kwa kazi ya kupita nguzo 21 kwa siku kandokando ya barabara, hakuna linalolikaribia.
- Mashine ya kukokotwa: ina magurudumu mawili na huvutwa na pikapu, kisha husimama kwa miguu minne ya kukunjua. Ni nyepesi na nafuu, lakini kila nguzo ni kukunja na kukunjua upya.
- Mashine ya mkono inayojiendesha: ya viungo au ya kurefuka moja kwa moja. Ile ya viungo hupanda na kuvuka juu ya matawi na kuta. Hutembea polepole, na hubebwa na lori hadi kazini.
- Jukwaa la mkasi: hupanda wima tu, tena hutaka sakafu ngumu. Ni la ghala na ukumbi. Kwenye nguzo za mtaani halina kazi.

Na kuna visivyo mashine za kuinua watu hata kidogo. Ndoo ya trekta la kuchimbia, au ubao uliowekwa juu ya uma za foklifti, huonekana kwenye kazi nyingi na huletwa kwa maneno "ni dakika moja tu". Havina breki ya kumzuia mtu asishuke ghafla mpira wa mafuta ukipasuka.

Ardhi ndiyo yenye neno la mwisho

Mkandarasi anaweza kukodi gari zuri kuliko yote na likalala Embakasi. Udongo mweusi wa upande ule, hadi Athi River, hupasuka wakati wa kiangazi na kugeuka uji mvua ikinyesha. Mguu mmoja wa mashine ukizama sentimita 10 chini, kikapu kilicho juu husogea kwa umbali mkubwa zaidi, na mtu yumo. Kigamboni tatizo ni mchanga. Mwanza ni mteremko na mawe: ardhi ni ngumu, ila haiko sawa.

Dawa ya ardhi laini ni mbao nene au sahani pana chini ya kila mguu, ili uzito utawanyike. Dawa ya mteremko ni kusoma kikomo kilichoandikwa kwenye mashine na kukiheshimu. Kengele ya mwinamo ikilia, si ya kuzibwa kwa gundi ya karatasi. Mashimo yaliyofunikwa ni adui mwingine. Mfuniko wa mtaro wa maji machafu uliobeba watu kwa miaka kumi haukuahidi kubeba mguu wa mashine ya tani kadhaa.

Upepo nao uhesabiwe. Mashine nyingi za nje huruhusiwa kufanya kazi hadi upepo wa mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Mabango ya barabarani yakianza kupiga makofi, fundi ashuke.

Kuvuka barabara ndiko kunakotaka mashine bila mjadala. Kebo iliyo kwenye makapi, kabla haijakazwa, huning'inia chini kuliko itakavyokaa mwishoni. Kontena refu lina kimo cha mita 2.9, na likipandishwa kwenye trela lenye sakafu ya mita 1.5 linafika mita 4.4. Lori likiikumba kebo iliyolegea, halimwangushi tu aliye kwenye ngazi iliyo karibu; huvuta nguzo zote zilizofungwa nayo. Magari yasimamishwe, kazi ifanywe upesi kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, na kwa upesi huo ngazi haiwezi.

Umeme

Kuna imani kwamba kikapu kikiwa cha plastiki, aliyemo ana kinga. Yapo magari ya kikapu yenye kinga ya kweli: sehemu ya mkono wake ni faibaglasi, na hupimwa kila mwaka kwa volti kubwa kuthibitisha kwamba bado haipitishi. Gari lisilo na cheti cha kipimo hicho lihesabiwe kuwa halina kinga, hata likipakwa rangi gani. Mashine nyingi za kukodi ni za ujenzi, chuma kitupu kuanzia gurudumu hadi kikapu.

Na hata kinga ya kweli ina mpaka wake. Humlinda fundi, umeme usipitie kwake kwenda ardhini kupitia gari. Haimlindi akigusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya mmoja huku mkono wa pili umeshika nguzo. Kwa asiyefunzwa kazi za umeme, kanuni ya Marekani ni kukaa angalau mita 3 kutoka kwenye nyaya za hadi volti 50,000, na hilo linaziingiza za 11,000 na 33,000 zinazopita mitaani kwetu. Mkono wa mashine unapopanda, kiwiko chake hutokeza nyuma, ambako fundi hatazami. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa chini ambaye kazi yake ni kutazama tu.

Aina ya kebo nayo ina neno. Ile yenye waya wa chuma ndani yake, ikiruka na kuangukia waya wa umeme ulio wazi, hugeuka kuwa waya wa umeme hadi kwenye drumu na mikono ya wanaovuta. Mahali nyaya za juu zinakaribiana sana na nafasi ya faiba, ni heri kuchagua kebo isiyo na chuma kabisa, na heri zaidi kuomba umeme ukatwe kwa saa chache.

Ndani ya kikapu, fundi hujifunga kwa mkanda wa mwili mzima kwenye kishikio cha kikapu chenyewe. Wengine hujifunga kwenye nguzo wakidhani wanaongeza usalama. Mashine ikisogea, wao hubaki.

Kununua au kukodi

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 na Tanzania ina yake ya mwaka 2003. Zote humtwika mwajiri wajibu wa kutoa vifaa salama, na hakuna inayomsamehe kwa kuwa kazi ni ndogo. Hilo halina maana kwamba kila mkandarasi anunue gari.

Mwenye kazi ya kuunganisha wateja mmoja mmoja anahitaji ngazi mbili nzuri za faibaglasi, mikanda, winchi, mizani na watu waliofunzwa. Gari la kikapu kwake litakuwa la kupigwa picha. Mwenye kilomita kumi za njia kuu akodi gari la kikapu kwa siku za kuvuta na kuvuka barabara, akiwa ameshapanga makapi, vibali na wazuia magari, kwa sababu kodi ya mashine haisimami wakati watu wanatafuta funguo. Kununua kuna maana pale tu mashine itakapofanya kazi wiki baada ya wiki, na fundi wa kuihudumia akiwa amepatikana kabla yake.

Magari yaliyotumika kutoka Japani yanavutia kwa bei, na mengi ni mazuri. Lakini jedwali la uzito na mfiko, maelezo ya vitufe na maonyo yake mara nyingi yameandikwa Kijapani. Yatafsiriwe na kubandikwa upya kabla mtu hajainuliwa. Mipira ya mafuta ikaguliwe, na mkono wa faibaglasi, kama upo, upimwe upya. Cheti cha zamani hakikusafiri na gari.

Kabla ya kulipa, ukinunua au ukikodi, mwambie mwenye mashine ainue kikapu kikiwa kitupu, azime injini, kisha akishushe kwa vidhibiti vya dharura vilivyo chini. Akishindwa, au akisema kile kitufe hakijawahi kutumika, rudisha fedha mfukoni ukatafute mashine nyingine.